Gunia Linaporudishwa Mpakani Huishia Wapi?

Miongoni mwa maswali tunayoulizwa na wasomaji wa vijitabu hivi, lipo moja ambalo hurudi kila msimu wa mavuno. Msomaji husikia redioni kwamba malori ya mahindi yamezuiwa mpakani kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya wiki moja habari hiyo hunyamaza. Naye hubaki akijiuliza: mahindi yale yalikwenda wapi? Je, yaliteketezwa, au ndiyo haya yanayouzwa sokoni kwetu kwa bei ya kutupa?

Swali hilo ni la haki, na somo hili limeandikwa kwa ajili yake. Ili tulijibu sawasawa, yatupasa kwanza kueleza nchi nyingine hutaka nini zinaponunua mahindi na karanga zetu. Wengi hudhani kwamba kanuni za kuuza mazao nje ya nchi ni mambo ya wafanyabiashara wakubwa na mawakala wa forodha. Sisi tunaona vingine. Kanuni hizo humhusu hata mama anayenunua kilo mbili za unga jioni, kwa kuwa mzigo uliokataliwa na mnunuzi wa nje ni mzigo unaotafuta mnunuzi mwingine.

Yaliyotokea Machi 2021

Tarehe 5 Machi 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilitoa barua ya kusimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda, ikieleza kwamba vipimo vimeonyesha sumu ya kuvu kupita kiwango kinachoruhusiwa. Malori yalikwama mpakani, wakulima na madalali wakalalamika, na serikali za nchi husika zikaingia katika mazungumzo. Siku chache tu baadaye, tarehe 10 Machi, zuio hilo liliondolewa kwa masharti: mwingizaji awe amesajiliwa, kila shehena iwe na cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ijulikane mahindi yalilimwa wapi na yatahifadhiwa katika ghala gani.

Wakati ule wengi walilitazama jambo hili kama ugomvi wa biashara kati ya majirani. Huenda biashara ilikuwamo pia, mipakani haikosekani. Hata hivyo Kenya ilikuwa na sababu ya kuogopa. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni na Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu na 125 kati yao walifariki. Mahindi hayo mengi yalikuwa yamelimwa na kuhifadhiwa huko huko. Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu hiyo hiyo. Nasi hatuna la kujivunia: mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 walifariki baada ya kula mahindi yaliyochafuliwa na sumu hii. Mahindi yaliyowaua hayakuwa yametoka nje wala hayakuwa yakipelekwa nje. Yalikuwa chakula cha nyumbani.

Sumu isiyoonekana

Sumukuvu hutengenezwa na aina fulani za kuvu zinazoishi udongoni na kushambulia mahindi, karanga, mtama, mbegu za pamba na mazao mengine. Kuvu hupata nafasi pale mmea unapoteswa na ukame, wadudu wanapotoboa punje, au mavuno yanapochelewa kukauka. Ulimwengu uliitambua sumu hii mwaka 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa nchini Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyoagizwa kutoka ng'ambo. Ikila kwa wingi, hushambulia ini na kuua kwa siku chache. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, husababisha saratani ya ini, na hatari huongezeka sana kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B.

Haina harufu, haina ladha, na moto wa jikoni hauimalizi. Punje yenye ukungu wa kijani au wa manjano ni ya kushukiwa, lakini punje inayoonekana safi nayo yaweza kuwa na sumu ndani yake. Ndiyo maana mnunuzi wa nje haridhiki kwa kutazama. Hupima.

Kiwango chenyewe ni kidogo mno kufikirika kwa urahisi. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi vinaruhusu jumla ya mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo moja, na kati ya hizo aina kali kuliko zote, iitwayo B1, isizidi 5. Katika gunia la kilo 100, hiyo ni miligramu moja tu. Chukua chembe moja ya sukari, isambaze ndani ya gunia zima: kiwango chenyewe ni cha namna hiyo. Viwango hivyo hivyo vinataka unyevu wa punje usizidi asilimia 13.5, kwa sababu juu ya hapo kuvu hupata maji ya kuishi.

Msomaji azingatie jambo moja hapa, kwa kuwa ndilo kiini cha somo letu. Kiwango cha mikrogramu 10 hakikuwekwa na Kenya kwa ajili ya kuwazuia Watanzania. Ni kiwango cha pamoja cha nchi wanachama, nacho chahusu mahindi ya kuliwa Arusha kama kinavyohusu mahindi ya kuliwa Nairobi. Basi gunia la mahindi lisilofaa kuvuka Namanga kwa sababu ya sumukuvu halifai kuliwa upande huu pia. Mpaka haubadilishi sumu iliyomo.

Bambo, sampuli na cheti

Wafanyabiashara wengi hutueleza jambo linaloonekana kama dhuluma: shehena imepimwa nchini ikafaulu, imefika mpakani ikapimwa tena ikashindwa. Hudhani mmoja wa wapimaji amedanganya. Yawezekana, lakini mara nyingi maelezo ni mengine, na mlaji naye anafaa kuyajua.

Sumukuvu haisambai sawasawa kama chumvi katika maji. Punje nyingi katika gunia huwa safi kabisa, na chache huwa zimejaa sumu. Punje moja ya karanga iliyooza yaweza kubeba sumu ya kutosha kuvusha kiwango cha kilo nyingi zilizo karibu nayo. Mkaguzi akidunga bambo katika magunia matatu ya mlangoni mwa lori, huenda asiipate punje hiyo. Mwingine akidunga magunia thelathini, huipata. Ndiyo maana utaratibu mzuri hutaka mkaguzi achukue sampuli ndogo ndogo sehemu nyingi za shehena, juu, kati na chini, azichanganye, azisage zote kwa pamoja, kisha ndipo apime kiasi kidogo cha unga huo. Cheti kilichotokana na viganja viwili vya mahindi ya juu ya gunia kinatuambia habari za viganja viwili hivyo, basi.

Vyeti pia vina mipaka yake. Shehena inayovuka huambatana na karatasi kadhaa, na kila moja hujibu swali lake. Cheti cha afya ya mimea, ambacho kwa Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, husema kwamba mzigo hauna wadudu na magonjwa ya mimea ambayo nchi inayopokea inayakataa. Hakisemi neno juu ya sumukuvu. Cheti cha uasili husema zao limetoka katika nchi mwanachama, ili lisitozwe ushuru. Mahindi yanayoingia kutoka nje ya Jumuiya hutozwa asilimia 50, kwa hiyo karatasi hii ina thamani kubwa ya fedha, lakini haihusiani na usalama wa chakula. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani hutumia cheti cha uasili kilichorahisishwa, nacho humpunguzia makaratasi bila kumwondolea wajibu wa usalama. Cheti cha viwango peke yake, kinachotokana na maabara, ndicho hugusa sumu. Tumekutana na wauza nafaka wanaomwonyesha mteja cheti cha afya ya mimea kama ushahidi kwamba mahindi yao hayana sumukuvu. Hatusemi wote ni walaghai. Neno «afya» lililoandikwa juu ya karatasi huwachanganya hata wao.

Mahindi yaliyokataliwa

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo. Katika bandari na viwanja vya ndege vya Umoja wa Ulaya, shehena isiyotimiza kanuni haiachiwi mwenyewe aamue. Maofisa huweza kuamuru iteketezwe, irudishwe ilikotoka, au ipewe matibabu maalumu, na taarifa yake husambazwa kwa nchi zote wanachama. Kosa likirudiwa, zao la nchi hiyo huwekwa katika orodha ya mazao yanayokaguliwa mara nyingi zaidi, hata lile la mkulima aliyejitahidi. Gharama za ukaguzi na za kungoja bandarini huangukia shehena zote.

Katika mpaka wa nchi kavu mambo huwa mepesi zaidi, na wepesi huo ndio unaotutia wasiwasi. Lori likikataliwa, dereva aweza kugeuza. Mzigo ni mali ya mtu, umegharimiwa, huenda kwa mkopo, na mwenyewe hataki kuutupa. Akiurudisha kilomita chache tu, anakuta soko ambalo mnunuzi wake hana bambo wala maabara. Humuuzia msagaji mdogo, au huchanganya mahindi hayo na mengine, au huyauza kwa wafugaji. Sheria ya nchi yetu hairuhusu kuuza chakula chenye sumu kupita kiwango, na Shirika la Viwango Tanzania lina mamlaka ya kukiondoa sokoni. Lakini ili sheria ifanye kazi, lazima mtu fulani aufuate mzigo kutoka geti la mpaka hadi mlango wa ghala. Mahali ambapo hakuna anayeufuata, jibu la swali la msomaji wetu ni hili: yawezekana kabisa kwamba mahindi yale aliyakula yeye.

Tunasema hivi bila kutaka kuwatia watu hofu ya mahindi yote. Shehena nyingi zinazovuka ni salama, na nyingine hukataliwa kwa sababu zisizohusu sumu: cheti kimekosa muhuri, unyevu umezidi kidogo, idadi ya magunia hailingani na karatasi. Mahindi yenye unyevu wa asilimia 15 yaweza kuanikwa tena yakafaa, endapo yataanikwa upesi. Yenye sumukuvu hayana dawa ya namna hiyo. Kwa hiyo mtu akikuambia «mzigo huu umerudi mpakani, ndiyo maana ni rahisi», usikimbie wala usinunue kabla hujamuuliza umerudi kwa sababu gani, na karatasi ya kukataliwa iko wapi.

Karanga na viwango viwili

Kwa karanga hali ni tofauti kidogo, na haki inatutaka tuiseleze. Umoja wa Ulaya huruhusu mikrogramu 4 tu za sumukuvu kwa kilo ya karanga zilizo tayari kuliwa, na huruhusu hadi 15 kwa karanga ambazo bado zitachambuliwa kiwandani kabla ya kumfikia mlaji. Marekani huruhusu 20 katika vyakula. Karanga yenye mikrogramu 7, basi, hukataliwa mezani Ulaya ingawa ingepita katika masoko mengine. Kukataliwa huko hakumaanishi moja kwa moja kwamba ni sumu kwetu. Wazungu hula karanga kidogo na wana uwezo wa kuchagua. Wamejiwekea kiwango kikali. Sisi tunaokula mahindi mara mbili kwa siku na kuunga mboga kwa karanga tungekuwa na sababu kubwa zaidi ya kuwa wakali, lakini kiwango kikali mno nacho kingewaacha wengi bila chakula. Hayo ni mabishano ya wataalamu, nayo hayajaisha.

Linalotuhusu zaidi ni kinachotokea kabla ya karanga kusafiri. Ili kutimiza masharti ya nje, msafirishaji huzichambua: zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu hutolewa. Sumu nyingi huwa katika hizo zilizotolewa. Nzuri hupanda meli. Zile mbovu hubaki nchini, na pasipo usimamizi huweza kukamuliwa mafuta au kusagwa kuwa unga na siagi ya karanga, mahali ambapo jicho la mnunuzi haliwezi tena kuziona. Kwa sababu hiyo tunashauri kila mara: nunua karanga nzima, uzichambue kwa mkono wako, kisha uzisage. Unga wa karanga uliofungwa kwenye mfuko usio na jina la mtengenezaji ni bora kuuacha.

Jinsi bei inavyovuta

Upo upande wa soko ambao mlaji huuhisi bila kuelezwa. Watu wa Kenya, Zambia na Malawi, kama sisi, hupenda mahindi meupe kwa ugali, ilhali sehemu kubwa ya mahindi yanayouzwa duniani ni ya manjano, ya kulisha mifugo. Ukame ukiipata nchi moja ya ukanda huu, majirani zake ndio humiminikiwa na wanunuzi. Mnunuzi wa nje mwenye fedha taslimu huchagua mahindi makavu, yenye punje nzima, na hulipa zaidi. Soko la ndani hubakiwa na mchanganyiko.

Serikali zikifunga mpaka, kama Tanzania ilivyozuia kusafirisha mahindi yasiyosagwa mwaka 2017, bei hushuka na mlaji wa mjini hupumua. Lakini mkulima asiyekuwa na tofauti ya bei kati ya mahindi makavu na mabichi haoni faida ya kununua turubai la kuanikia. Mnunuzi mkali anayelipa vizuri ndiye humfundisha mkulima kukausha. Tungependa soko la ndani nalo liwe na mnunuzi wa namna hiyo, hata kama mnunuzi huyo ni wewe na debe lako moja.

Nyumbani kwako

Ukinunua mahindi kwa ajili ya kusaga, jaribu unyevu kwa njia ya chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia konzi ya punje na kijiko cha chumvi iliyokaushwa, funga, tikisa kwa dakika mbili au tatu, kisha uiache itulie. Chumvi ikigandamana ukutani mwa chupa, mahindi yana unyevu mwingi; yaanike juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Njia hii hupima unyevu tu, haipimi sumu.

Kabla ya kusaga, chambua. Ondoa punje zenye rangi isiyo ya kawaida, zilizovunjika na zilizotobolewa. Kukoboa kunasaidia sana kwa sababu sehemu kubwa ya sumu huwa kwenye ganda na kiini. Tunajua kwamba dona ina virutubisho vingi kuliko sembe, nasi hatumkatazi mtu dona. Tunasema tu kwamba anayekula dona anapaswa kuwa mkali zaidi katika kuchambua. Pumba zinazobaki nazo zisichukuliwe kuwa takataka isiyo na madhara. Ng'ombe wa maziwa akilishwa pumba au punje zenye sumukuvu, sehemu ya sumu hiyo hutoka katika maziwa, na maziwa hunywewa na mtoto. Punje mbovu zisitengenezewe pombe. Zifukie.

Mtoto ndiye mwenye hatari kubwa kuliko wote, kwa kuwa mwili wake ni mdogo na uji wake hupikwa kwa mahindi na karanga, mazao mawili yanayoongoza kwa sumu hii. Unga wa lishe wa kununua uwe na jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe ya kusagwa na alama ya ubora ya TBS. Ukiutengeneza mwenyewe, punguza utegemezi wa mahindi na karanga kwa kutia mchele au ulezi uliosafishwa, na usage kiasi cha wiki chache tu.

Kwa kuhifadhi, weka magunia juu ya chaga, mbali na ukuta. Mifuko isiyopitisha hewa hufaa sana, mradi punje ziwe kavu kabla ya kufungwa.

Unaposhuku kwamba chakula kilichozuiwa kimerudi sokoni, usikitupe chote na usianze kwa kugombana na muuzaji. Hifadhi kilo moja au mbili katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, na uuweke pakavu. Andika ulinunua wapi, siku gani, kwa bei gani, gunia lilikuwa na maandishi au rangi gani, na muuzaji alisema mzigo umetoka wapi. Peleka maelezo hayo pamoja na sampuli kwa afisa afya wa kata au ofisi ya kanda ya Shirika la Viwango, na uombe maandishi ya kwamba yamepokewa. Kama mtu nyumbani ameanza kutapika, kuumwa tumbo, kuvimba miguu au kuwa na macho ya manjano baada ya kula chakula hicho, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na umweleze mganga alikula nini, kwa sababu dalili hizo hufanana na za magonjwa mengine ya ini.